Teneur ya Vitamini B

Ninyi mnaobaki nyuma ya kaunta mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu mume wangu amechoka kunisikiliza. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulifika wapi. Cheo changu cha kwanza kilikuwa Mama Véro, na cha mwisho kilikuwa Mama Véro vilevile. Nitawaambia habari za vitamini B. Katika miaka yote niliyouza dawa hapa Lubumbashi, malaria ilinichosha na kikohozi kilinichosha, lakini vitamini B ilinichekesha karibu kila siku, na mara moja ilinitoa machozi mbele ya wateja.

Siku ya kwanza nilifika na blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mpaka ikaweza kusimama peke yake. Mwenye farmasi alikuwa Papa Mukendi, mfamasia, mtoto wa Wakasai waliokuja mjini zamani kutafuta kazi, mtu wa tai shingoni hata katika joto la Oktoba. Mimi ni mtu wa hapahapa. Babu zangu walilima viazi vitamu kabla mji haujawafikia. Basi tulitaniana tangu asubuhi ile. Yeye alisema watu wa huku hatuanzi kazi kabla ya kuota jua. Mimi nikamjibu kwamba watu wa kwao hawaanzi kazi kabla ya kutoa hotuba. Alikubali, kisha akanipa hotuba.

Alipanga juu ya kaunta maboksi ya vitamini B. La kwanza lilikuwa na picha ya simba. La pili lilikuwa na farasi anayeruka. La tatu lilikuwa na mama mwenye mashavu na makalio ya kutosha familia mbili. La nne halikuwa na picha yoyote, maskini, na ndiyo maana vumbi lilikuwa limelizoea. Akaniambia niyapange, lenye nguvu zaidi mbele. Nikamweka simba mbele kwa heshima, mama mnene akafuata, farasi akashika nafasi ya tatu.

"Mama, uso ya boksi iko ya kuuzisha," Papa Mukendi akaniambia. "Soma ku mbavu. Njo kuko dawa."

Ubavuni mwa boksi kuna maandishi madogo kama miguu ya sisimizi. Papa Mukendi alikuwa na kioo cha kukuzia maandishi kilichofungwa kwa kamba kwenye droo, kisitembee. Niliinama nikasoma. Boksi moja lilikuwa na B1 mia moja, lingine lilikuwa na B12 elfu moja. Nikatangaza kwamba la elfu moja limeshinda. Papa Mukendi akaniuliza kama mtu akiniambia ana elfu moja mfukoni, nitamuuliza nini. Nikasema nitamuuliza kama ni franga au ni dola. Akapiga kaunta kwa furaha, akasema basi nimekwisha kuwa mtu wa farmasi. Ile mia moja ya B1 ilikuwa miligramu. Ile elfu moja ya B12 ilikuwa mikrogramu, na mikrogramu elfu moja ni miligramu moja tu.

Usidhani kidogo ni dhaifu, alisema tena, maana mwili unataka B12 kidogo mno, kama chumvi ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kwa hiyo B1 ya boksi hili ilinganishwe na B1 ya boksi lile, na B12 na B12 mwenzake. Kulinganisha B1 na B12 ni kulinganisha nyundo na sindano. Alichukua kipande cha katoni, akachora mistari, maboksi juu, vitamini pembeni, akaniachia nijaze. Nilipomaliza, lile boksi lisilo na picha lilikuwa sawa kabisa na la simba. Ninalionea huruma mpaka leo, na nikiwa peke yangu kaunta nililiuza kwanza.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ililetwa ndani ya chupa. Mtaani kwetu kulikuwa na mkuu wa shule ya msingi aliyestaafu, na kila mtu alimwita Papa Directeur. Nilimuuzia B-complex jioni, na asubuhi alikuwa mlangoni kabla hatujafungua. Akaweka chupa ya juisi juu ya kaunta, kando ya chupa ya juisi ya manjano ya matunda ya marakuja ambayo mke wa Papa Mukendi alimtayarishia mumewe kila siku. Ya Papa Directeur haikuwa juisi. Ilikuwa mkojo wake, wa manjano ya kung'aa, na alitaka kujua kama ini lake limeyeyuka.

Nikamweleza kwamba ni B2. Hiyo vitamini yenyewe ni ya manjano; mwili unachukua unachohitaji, na kinachobaki unakitupa nje. Akatulia, akashukuru kwa Kifaransa cha darasani, akachukua chupa moja akaenda zake. Papa Mukendi alibaki akiitazama chupa iliyobaki. Aliiinua, akainusa, akafikiri sana. Tangu siku ile alikunywa maji tu.

Shida ni kwamba Papa Directeur alifundisha somo hilo mtaani kwa namna yake, na watu wakaanza kupima vitamini kwa rangi: manjano kali, dawa kali. Nilirudishiwa maboksi mazuri kabisa kwa kosa la kutoa rangi hafifu. Shikeni hili, maana litawarudia: rangi ile ni ya kilichotupwa, si ya kilichobaki mwilini. Mkilisema, msitegemee kueleweka mara ya kwanza.

Nimewapa hayo ili mjue nilikuwa mzoefu siku alipoingia Papa Kisimba. Hiyo ilikuwa katika miaka yangu ya mwisho. Papa Kisimba alikuwa shefu wa kikundi cha wachimbaji kule Kambove, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitia watu walioko chini ya ardhi. Kila juma alileta mawe mjini kwa pickup yake na kuyauza kwenye depo. Mnajua wenyewe kwamba kwa watu hao neno ni moja tu, teneur, yaani kiasi cha madini safi kilichomo ndani ya jiwe. Depo ina mashine kama bastola. Inagusishwa kwenye mfuko na kutoa namba, na namba ikiwa ya chini unarudishwa na mfuko wako. Papa Kisimba alikuwa akipima dunia nzima kwa neno hilo. Mahubiri ya pasta yalikuwa na teneur au hayakuwa nayo. Hata mke wake alipopika sombe, alingoja kusikia teneur yake kabla ya kukaa chini kula.

Alinieleza kwamba ana mdogo wake anayeumwa miguu: inawaka moto usiku, mchana inakufa ganzi. Anataka vitamini B. Nikamletea maboksi. Akayasoma ubavuni bila kuambiwa, nikampenda kwa hilo. Kisha akaanza kuyahukumu.

"B1, hapana. Teneur ya moja? Hata ku depo banaifukuza," akasema. "B6, bon, inaweza kupita. Lakini hii, B12. Mama, njo ile. Nipatie ya kumi na mbili."

Nilidhani anatania, nikacheka. Hakuwa anatania. Alikuwa ameamini kwamba ile namba ya jina ni asilimia, kama ya shaba: B1 ni jiwe la asilimia moja, B12 ni jiwe la asilimia kumi na mbili, na mtu mwenye akili hanunui la moja. Nilimpa hotuba ya Papa Mukendi yote, na franga na dola zake. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mnunuzi wa depo, yaani akitafuta mahali ninapomwibia.

Nikamuuliza huyo mdogo anakula nini. Akasema wali mweupe, chai na mkate, na jioni pombe kidogo ya lutuku. Nikauliza kidogo kiasi gani. Akasema kidogo ya wachimbaji. Wakati anajibu nilichungulia chini ya kaunta na kuona kwamba amevua viatu, amesimama peku juu ya sakafu baridi ya saruji, anabadilisha mguu huu na ule. Katika kazi yetu, mdogo asiyekuwepo ndiye mgonjwa tunayemhudumia kuliko wote. Nilimwambia tu kwamba mdogo huyo aende hospitali, asingoje. Akanunua simba, farasi na mama mnene kwa pamoja, kwa hesabu kwamba teneur tatu zitajumlishwa.

Aliporudi tulimsikia kabla ya kumwona. Pickup iliingia kwenye meza ya mama anayeuza maandazi ya beignets mbele ya farmasi. Hakuna aliyeumia. Beseni la beignets liliruka, na watoto wa mtaa wakapata karamu ambayo hawajaisahau. Papa Kisimba alishuka akisema viatu vyake vipya vina soli nene mno, havimwachii kusikia breki. Mama wa beignets alimwambia maneno ambayo sitaandika. Mimi nilitazama viatu. Vilikuwa kandambili.

Papa Mukendi alimkalisha kwenye benchi, akamwomba afumbe macho. Akachukua kipande cha pamba, akampitishia chini ya kidole gumba cha mguu, kisha chini ya unyayo, kisha kisiginoni, taratibu. Papa Kisimba alingoja, amefumba macho kama mtu anayebarikiwa.

"Anza sasa, Papa," akasema. "Niko tayari."

Papa Mukendi alikuwa amekwisha maliza. Alinitazama, na ule uso wake wa utani haukuwepo. Hapo nilielewa kwamba mtu huyu anaendesha gari kutoka Kambove bila kujua miguu yake iko wapi.

Tukaweka maboksi matatu kwenye benchi na kujumlisha. Simba alikuwa na B6, farasi alikuwa na B6, na mama mnene ndiye aliyekuwa nayo nyingi kuliko wote. Nyuso tatu, ubavuni kitu kimoja. Na B6 ikizidi sana kwa muda mrefu, yenyewe inaweza kuumiza mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka mguuni hadi kichwani. Kila anayenunua maboksi mawili mjumlishieni, hata kama nyuma kuna foleni inayolalamika. Papa Mukendi alimwambia aache yote matatu, akachukua ufunguo wa gari, akautia mfukoni mwake, akamwitia taksi ya kwenda hospitali. Papa Kisimba alilalamika kwamba wanampeleka yeye badala ya mdogo wake. Tulikubali kwamba ni makosa, tukamsukuma ndani ya taksi.

Daktari alimpima vizuri na kumtoa damu. Akamwambia kwamba mwili wake umeishiwa B1, kwa sababu ya wali mweupe na lutuku, na kwamba miguu ikiachwa hivi inaweza isirudi tena. Akamwandikia B1, sindano kwanza kisha vidonge, B1 tu. Na ale maharagwe, karanga na samaki, na lutuku aisahau. Mgonjwa alikuja kwetu na karatasi hiyo akiishika kwa vidole viwili.

"Docteur alinitukana," akasema. "Mi, shefu ya chantier ya bachimbaji, ananipatia ya moja."

Sasa sikieni kosa ambalo linaweza kufanyika Lubumbashi tu. Papa Mukendi alipenda ukweli kuliko usingizi wake, na alitaka kumweleza kwa nini B12 huandikwa kwa mikrogramu. Akamwambia kwamba B12 ni kitu cha pekee: katikati yake kuna chembe moja ndogo sana ya kobalti, ndiyo maana ampuli zake, vile vichupa vya sindano, ni nyekundu. Ni kweli kabisa, mtaikuta vitabuni. Lakini neno kobalti, madini ya bei kubwa kuliko shaba, halisemwi kwa sauti katika mji huu kama vile neno moto halisemwi sinemani. Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo akauliza ni ampuli ipi.

Papa Kisimba aliinuka kwa shida. Akanunua boksi la ampuli nyekundu, akaliweka ndani ya shati kifuani, akatoka. Alikuwa anakwenda depo. Karatasi ya daktari aliiacha juu ya kaunta.

Hakurudi upesi. Nilikuwa nikitazama mlango kila ulipofunguka, na kila siku nilijua kwamba miguu inazidi kufa wakati mwenyewe yuko mahali fulani anatafuta kobalti ndani ya dawa. Papa Mukendi alipiga simu ikawa inaita tu. Alijilaumu sana kwa lile neno, mpaka nikamwambia kwamba hata angesema ndani yake kuna sukari, mtu yule angeipeleka kwa muuza sukari kupimwa. Ufunguo wa pickup aliutembeza mfukoni kama rozari.

Siku aliporudi alikuwa na fimbo, na hasira yake ilitangulia. Alisimulia mbele ya wateja wote. Kule depo waliweka ampuli chini ya mashine. Mashine ikatoa sufuri. Wakaweka boksi zima, ikatoa sufuri. Mtu mmoja akashauri wavunje kioo, labda kobalti imejificha, wakavunja, ikatoa sufuri na mkono wa mtu ukawa mwekundu. Mashine ile imetengenezwa kupima mifuko ya mawe. Chembe kama ile haioni hata ikivaa miwani. Lakini depo nzima ilicheka, na sasa Kambove yote inamwita Shefu Sindano.

"Munauzisha stérile," akatuambia. Kwao hilo ndilo jina la jiwe tupu lisilo na kitu. "Ile ya kumi na mbili iko na sufuri. Sasa ya moja itakuwa na nini?"

Alitaka kurudi Kambove kulala ndani ya nyumba yake na kungoja. Tulimkalisha benchi. Wateja wakaona hakuna tena cha kucheka, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Alikaa ameinamisha kichwa juu ya fimbo. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa kawaida.

"Mama Véro, ile mudogo yangu. Hakuna mudogo. Njo mi."

"Nilijua, Papa."

"Nikishuka mu shimo, sisikie ngazi. Nilikanyaga mutu ku mukono, sikujua mpaka analia. Nikishindwa kushuka, batachagua shefu mwingine, na mi nitabakia wa kukalishwa ku kiti mbele ya nyumba. Muke yangu atanivalisha viatu."

Nilitaka kumshika mkono nikaona aibu, nikapanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa. Papa Mukendi alikuwa amechoka. Akamwambia, bila hotuba safari hii, kwamba zile namba si nguvu, ni mfuatano tu: vitamini iliyovumbuliwa kwanza iliitwa moja, zilizofuata zikapewa namba zilizofuata. Papa Kisimba alitikisa kichwa bila kusikiliza. Ndipo mimi nikamuuliza kama mashimo yao kule Kambove yana namba.

Akasema yana namba, ya kwanza kuchimbwa ni moja, na sasa wamefika mbali.

"Basi shimo namba moja iko na teneur ya moja?" nikamuuliza.

Aliinua kichwa kunitazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Shimo namba moja? Shimo namba moja ndilo lililolisha watu, alisema. Ndilo lililojenga nyumba yake. Namba kumi na mbili wamelichimba juzi tu, ni zuri, lakini haliwezi kusimama mbele ya namba moja. Akaendelea kulisifu shimo lile kwa muda mrefu. Maneno yakaanza kumpungukia, akapunguza mwendo, kisha akakoma kabisa.

"Kumbe namba iko ya shimo," akasema.

"Iko ya shimo, Papa," Papa Mukendi akamjibu.

Akachukua boksi akalisogeza karibu na macho. Akauliza kwa nini anaona moja, mbili, sita, kumi na mbili, lakini nne hajaiona, wala kumi, wala kumi na moja. Papa Mukendi akasema hizo pia zilichimbwa, wakadhani ni vitamini, wakakuta si vitamini, wakafunga. Papa Kisimba alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayejua gharama ya shimo tupu. Kisha akamgeukia mwalimu wangu kwa ukali, akamuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo, badala ya kumsumbua na habari za chembe. Akaomba karatasi yake ya daktari. Jioni ileile alichomwa sindano ya kwanza ya B1, na muuguzi aliniambia kwamba aliipokea kwa heshima zote.

Nanyi mtauliza kama tulimaliza matatizo. Tulianzisha mengine. Papa Kisimba alihubiri shimo namba moja katika Kambove nzima, na wachimbaji wakaanza kuja kwetu wakikataa kila kitu kisichokuwa B1. Mama mmoja mjamzito alikataa B9 ambayo daktari alimwandikia kwa ajili ya mtoto, kwa sababu mume wake alimwambia kwamba kufika shimo la tisa watu wanakuwa wamechoka na hawachimbi vizuri. Nilitumia mchana mzima kumshawishi, na mwisho nilimwambia kwamba shimo la tisa lilichimbwa na wanawake. Mungu anisamehe, aliinunua.

Lakini miguu haikurudi. Papa Kisimba alikuwa akija kwa basi, kwa sababu Papa Mukendi alikataa kutoa ufunguo, na kila alipokuja alikaa benchi, akafumba macho, na pamba ikapita. Alikuwa akila maharagwe mpaka amekonda kwa maudhi. Lutuku aliiacha, na alitutangazia kwamba ni sisi tuliomwibia furaha. Kila mara alingoja, na kila mara alifumbua macho akaona kwamba pamba imekwisha pita. Sindano ziliisha, akaingia kwenye vidonge. Daktari alisema tungoje. Mimi nilipofunga farmasi jioni nilikuwa nikiomba, nami si mtu wa kuomba mara kwa mara kwa ajili ya wateja.

Siku moja ya mvua aliingia akichechemea vibaya kuliko siku zote, fimbo imelowa, uso umekunjamana. Nilijua kwamba imekwisha, kwamba mguu umeshindwa kabisa, na niliona kwa macho yangu kile kiti mbele ya nyumba. Papa Mukendi alikuja kutoka nyuma na pamba mkononi, akamwona, akaiweka mezani.

Papa Kisimba hakutusalimu. Alijitupa kwenye benchi, akavua kiatu kwa hasira, akakikung'uta, na kajiwe kadogo kakaanguka sakafuni, si kakubwa kuliko punje ya hindi.

"Kananichoma tangu ku arrêt ya bus," akasema. "Njia yote kananichoma, Mama, chini ya hii kidole, kanani..."

Akautazama mguu wake.

Basi yule shefu, mtu aliyeishi kwa kutupa mawe mabaya na kubakiza mazuri, aliinama akakaokota kale kajiwe, akakarudisha ndani ya kiatu. Akavaa. Akaiacha fimbo kwenye benchi, akasimama, akatembea kutoka benchi hadi mlangoni na kutoka mlangoni hadi benchi, akilia, akisema inaniuma, inaniuma, na sisi sote tulimwacha aendelee kuumia.